Nachingwea: Mji wa Chuma cha Kuazima

(Hotuba iliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma, Nambambo, wilayani Nachingwea.)



Nilipoalikwa kuzungumza nanyi niliombwa nichague jambo la historia ya mahali hapa, nami sikulazimika kulitafuta mbali. Katika mji huu iko kata inayoitwa Stesheni. Mgeni akishuka basi na kulisikia jina hilo, ni haki yake kuuliza treni inaondoka saa ngapi. Jibu ni kwamba huduma ya treni ilikoma mwaka 1962. Watoto mnaowafundisha wanaagana wakisema wanakwenda Stesheni, wala hawaoni ajabu yoyote, kwa kuwa kwao hilo ni jina tu kama majina mengine. Sisi watu wazima tunaojidai kujua mambo ndio tunaopaswa kuona ajabu. Mji wenye stesheni lakini hauna reli ni mji uliopatwa na jambo, na jambo hilo ndilo ninalotaka tulitazame leo.

Historia inaijua miji iliyoinuliwa na chuma kisha ikaanguka. Mashuhuri kuliko yote barani Afrika ni Meroe, mji mkuu wa ufalme wa Kushi, kando ya mto Naili katika nchi ambayo leo ni Sudan. Huko watu waliyeyusha chuma kwa muda unaozidi miaka 1,000. Ufalme wao ulipoporomoka, katika karne ya 4 baada ya Kristo, mji ukaachwa, nyumba zikafukiwa na mchanga. Lakini kitu kimoja hakikuweza kufukiwa: malundo ya mavi ya chuma, yale makapi meusi yanayobaki tanurini baada ya chuma kutolewa. Mwishoni mwa karne ya 19, wakoloni wa Kiingereza walipojenga reli yao kuelekea Khartoum, njia ilikata katikati ya lundo mojawapo. Msomi wao mmoja, Archibald Sayce, alistaajabu hata akaifananisha Meroe na Birmingham, mji wa viwanda wa kwao. Yaani Mwafrika akionekana kuwa na kiwanda, sifa yake haikamiliki mpaka atafutiwe mfano wa Ulaya! Hata hivyo ushahidi ulikuwa umekwisha kuonekana.

Hapa kwetu Tanzania ushahidi wa namna hiyo uko Buhaya, ambako wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua matanuri ya chuma yenye umri wa miaka ipatayo 2,000. Katika miaka ya 1970 wazee wa huko, ambao kwa miaka mingi hawakuwa wameyeyusha chuma, walijenga upya tanuri mbele ya mtaalamu wa Kimarekani, Peter Schmidt, wakavukuta mivukuto mpaka chuma kikatoka. Kazi hiyo ilikuwa imekufa kwa sababu majembe ya viwanda vya Ulaya yalikuja kwa wingi na kwa bei rahisi, lakini elimu yake ilikuwa bado imo vichwani mwa wazee.

Tukirudi kusini, nasi hatukuwa watu wasiojua chuma. Padre Yohanna Abdallah, katika kitabu cha historia ya Wayao alichokiandika kwa Kiyao na kuchapishwa mwaka 1919, anawaeleza Wachisi, ukoo wa wahunzi. Watu hao walifua majembe na kuyachukua safarini kwenda kuyauza kwa makabila mengine, na katika safari hizo Wayao wakapata mwanzo wa biashara yao kubwa ya masafa marefu. Nawaombeni mliweke hilo akilini, kwa sababu tutarudi kwenye jembe.

Sasa tuje kwa Nachingwea yenyewe. Nachingwea haikuyeyusha chuma hata siku moja. Chuma kililetwa. Kililetwa kingi kuliko kilichopata kuonekana katika Jimbo la Kusini tangu dunia kuumbwa, na sababu ya kuletwa kwake ilikuwa karanga.

Baada ya Vita Kuu ya Pili Waingereza walikuwa na shida ya mafuta ya kula. Mwaka 1946 Frank Samuel, mkubwa wa kampuni ya United Africa iliyokuwa tawi la Unilever, alitoa shauri kwamba pori la Tanganyika lilimwe karanga kwa mashine. Serikali ya London ikamtuma John Wakefield, aliyekuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika, pamoja na wenzake wawili, waje kupeleleza. Watu hao walitumia wiki 9, na sehemu kubwa ya ardhi waliitazama kutoka katika ndege. Kisha wakaandika taarifa ya kulima ekari 3,210,000, zigawanywe katika mashamba 107 ya ekari 30,000 kila moja, kwa gharama ya pauni milioni 24 hivi. Mashamba 80 yawe Tanganyika, na kati ya hayo 55 yawe huku kwetu Jimbo la Kusini.

Ndugu walimu, hesabu hizo zingefaa kuandikwa ubaoni, watoto wakazigawanya na kuzizidisha. Wiki 9 kwa ekari milioni 3 na zaidi. Mkulima wa Ruponda anayetaka kufungua ekari 2 tu huenda kwanza kuangalia miti iliyoota pale, hushika udongo mkononi, huuliza wazee mvua ya mwaka wa juzi ilinyeshaje, na pengine hujaribu mbegu kidogo kabla ya kumaliza ghala lake. Mabwana hawa walikuwa na shahada, walikuwa na ndege na fedha za serikali, lakini jaribio la mwaka mmoja walilikwepa. Hawakuwa wajinga. Walikuwa na haraka, na haraka hiyo ilitokana na njaa ya kwao, si ya kwetu.

Basi chuma kikaja. Yalikuja makatapila yaliyokuwa mabaki ya vita, yaliyonunuliwa Ufilipino, mengine yakiwa yamekwisha kuliwa na kutu. Vilikuja vifaru vya aina ya Sherman ambavyo kampuni ya Vickers ya Uingereza ilivigeuza kuwa matrekta, ikavipa jina la Shervick. Ikaja minyororo ya nanga za meli, ambayo katapila mbili zilikokota baina yao ili kung'oa miti kwa mkumbo mmoja. Kifaru kilichoundwa kuua watu sasa kilitumwa kuua msitu, nacho kwa kazi hiyo hakikufaa sana.

Kazi ilianzia Kongwa mwaka 1947, kwa kuwa Kongwa ilikuwa karibu na Reli ya Kati. Huko ardhi ikawafundisha yale ambayo taarifa haikuwafundisha. Udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi hukauka ukawa kama saruji, na ndani yake mna chembe kali za mchanga zinazosaga jembe la trekta kama jiwe la kunolea. Karanga zilizokuwa zimekwisha kukomaa zikanaswa ardhini. Mvua nayo haikufuata ratiba ya Waziri wa Chakula, John Strachey. Mwaka 1948 kazi ikatolewa mikononi mwa kampuni na kupewa shirika la serikali ya Uingereza, yaani Shirika la Chakula la Ng'ambo, lakini udongo haukujali nani ameshika kalamu.

Kwa hiyo matumaini yakaelekezwa Nachingwea. Huku mvua ni afadhali kuliko Kongwa na pori lilikuwa zito. Tatizo lilikuwa kwamba hapakuwa na njia ya kufikia. Ili karanga zitoke ilibidi pajengwe reli, na ili reli iwe na maana ilibidi pajengwe bandari yenye kina. Mwaka 1949 reli kutoka Mkwaya, karibu na Lindi, ilifika Nachingwea. Mtwara, ambayo kabla ya hapo ilikuwa mahali padogo mno, ikachaguliwa kuwa bandari, na gati lake la kina kirefu likafunguliwa mwaka 1954, likiwa limekwisha kuunganishwa na reli hiyo.

Jaribuni kufikiri hali ilivyokuwa. Hili ni jimbo ambalo, tangu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 na njaa iliyofuata, lilikuwa likitazamwa kama kisima cha vibarua tu. Vijana wa Kimwera, Kimakonde na Kimakua walikuwa wakitembea mamia ya maili kwenda kuwa manamba katika mashamba ya mkonge. Mara ghafla kazi ya mshahara imewafuata mlangoni! Mji ukachomoza porini. Zikajengwa karakana, maghala, kiwanja cha ndege, nyumba za mabwana na kambi za vibarua. Mashamba hayakupewa majina bali namba, na mpaka leo jina la Farm 17 halijafutika. Wako vijana waliojifunza udereva na ufundi wa mitambo katika karakana hizo. Kwa maoni yangu mimi, ujuzi huo ndio uliokuwa mavuno ya kweli ya mpango ule, ingawa haukuandikwa katika taarifa yoyote ya faida na hasara.

Lakini tazameni mpangilio wa mambo. Karanga zilitakiwa London, mashine zilitoka ng'ambo, vipuri vyake vilitoka ng'ambo, na daftari la hesabu lilifungwa na kufunguliwa London. Tarehe 9 Januari 1951 daftari hilo likafungwa. Serikali ya Uingereza ilitangaza kwamba mpango mkubwa umekwisha, ikafuta deni la pauni milioni 36 na zaidi. Ebu linganisheni na pauni milioni 24 zilizoahidiwa kulima ekari zote milioni 3! Fedha iliyopotea ilizidi fedha iliyokusudiwa, na ekari zilizolimwa zilikuwa sehemu ndogo kabisa ya zile za kwenye karatasi. Alan Wood, aliyefanya kazi ya habari katika shirika lile lile, aliandika kitabu kizima juu ya jambo hili mwaka 1950, hata kabla ya mazishi. Namsifu kwa hilo. Si kila mwandishi anayekula mkate wa shirika hupata ujasiri wa kueleza unga umekwendaje.

Nachingwea haikufa siku hiyo moja. Mashamba machache yaliendelea kwa majaribio, na mwaka 1955 yakakabidhiwa Shirika la Kilimo la Tanganyika. Hata reli ilirefushwa hadi Masasi mwaka 1958. Lakini reli iliyojengwa kubeba shehena ya mashamba 55 haiwezi kushiba kwa shehena ya mashamba machache. Mwaka 1962 Shirika la Reli na Bandari la Afrika Mashariki likaifunga, kisha vyuma vikang'olewa.

Hapo, ndugu zangu, lazima tuseme kweli. Mwaka 1962 bendera ya Mwingereza ilikuwa imekwisha kushushwa. Hasara ya karanga ilikuwa yake, lakini reli iling'olewa sisi tukiwa tunatazama. Najua mtasema uamuzi ule ulikuwa wa kihesabu, kwamba reli ilikuwa ikila fedha. Ni kweli. Lakini hesabu ya reli haiishii kwenye tikiti na shehena ya mwaka huu. Kusini ilikaa miongo mingi ikisubiri barabara ya lami, na kila masika ilikatika na Dar es Salaam. Aliyeng'oa reli ile hakuiweka gharama hiyo katika daftari lake.

Magofu yana tabia ya kupata mpangaji ambaye mwenye nyumba hakumtegemea. Kuanzia mwaka 1965 wapigania uhuru wa FRELIMO walipewa nafasi hapa Nachingwea, na kituo chao kikawa kambi kuu ya mafunzo chini ya Samora Machel. Ardhi iliyosafishwa ili Waingereza wapate siagi ya mkate ikazaa jeshi lililowaondoa Wareno. Mwezi Mei 1975 Samora alivuka Ruvuma, na tarehe 25 Juni Msumbiji ikawa huru. Nisiseme mengi juu ya habari hii, kwa kuwa mnaijua kuliko mimi, na wako miongoni mwenu ambao wazazi wao waliishi nayo.

Yale ambayo tunayasema kwa sauti ndogo ni habari ya chuma cha mara ya pili. Katika miaka ya 1970 taifa letu liliamua, na liliamua vema, kwamba korosho zisiuzwe ghafi India bali zibanguliwe hapa nchini. Msimu wa 1973/74 wakulima wetu walivuna tani 145,000. Kwa mikopo ya Benki ya Dunia vikajengwa viwanda, jumla vikafika 12, vyenye mashine kutoka Italia na Japani. Kimoja kilijengwa hapa Nachingwea. Safari hii mpango ulikuwa wetu, nia ilikuwa njema, na zao lilikuwa limekwisha kuota mizizi mikononi mwa wananchi wenyewe.

Basi kwa nini viwanda vikanyamaza? Kwa sababu wakati tunajenga viwanda tulikuwa pia tunawahamisha wakulima kwenda vijijini, na wengi wakajikuta mbali na mikorosho yao. Kwa sababu bei aliyolipwa mkulima iliendelea kupungua kila ukilinganisha na bei ya dunia, yeye akaona palizi ya mkorosho hailipi. Ukaja na ugonjwa wa ubwiriunga. Msimu wa 1986/87 mavuno yalikuwa tani 16,500 tu, pungufu ya moja ya nane ya yale ya 1973/74. Viwanda vyenye uwezo wa kubangua tani zaidi ya 100,000 vingebangua nini? Wakefield alikosea udongo. Sisi hatukukosea udongo. Tulimkosea mkulima, tukamhesabu kuwa atakuwapo siku zote kama vile udongo unavyokuwapo.

Sisemi haya ili kuwasuta waliotutangulia. Wengi wao walikuwa na uadilifu ambao sisi leo tunauonea haya. Nayasema kwa sababu chuma kinarudi mara ya tatu. Ruangwa, jirani zetu, wameingia katika uchimbaji wa madini ya kinywe. Hapa wilayani Nachingwea kiko kilima cha Ntaka chenye nikeli. Leseni ya wageni ilifutwa baada ya sheria ya madini kubadilishwa, wakatushitaki mbele ya wasuluhishi wa kimataifa, na mwaka 2023 ikaamuliwa tulipe dola zaidi ya milioni 100, kisha mwaka 2024 tukapatana nao kwa dola milioni 90. Nikeli bado imo ardhini, na dola zimekwenda. Sheria kudai haki yetu ni jambo la lazima, lakini mkataba hutiwa saini na watumishi wa umma, husomwa na watumishi wa umma, na hufutwa kwa barua ya watumishi wa umma. Kila hatua inataka mtu anayejua anachokifanya.

Tena iko Liganga, kule Ludewa, mlima wa chuma chetu wenyewe, na makaa ya mawe ya Mchuchuma jirani yake. Mwaka 2011 Shirika la Maendeleo la Taifa lilitia saini mkataba wa dola bilioni 3 na kampuni ya Kichina, Sichuan Hongda. Imekusudiwa pia reli kutoka Mtwara hadi Mbamba Bay, yenye matawi ya kwenda Liganga na Mchuchuma. Yaani tunapanga kurudisha chuma kule kule kilikong'olewa. Mimi naunga mkono reli hiyo kwa moyo wote. Lakini siku wataalamu watakapokuja hapa na ramani zao, ningependa mwalimu wa Nambambo awe amekwisha kuwafundisha vijana maswali manne au matano. Nani atayeyusha? Vipuri vitafuliwa wapi? Shehena ya kwanza ikichelewa, nani atavumilia, na kwa muda gani? Mkulima aliye kando ya njia atapakia nini? Na daftari litakaa wapi?

Iko sehemu moja ambako maswali ya namna hiyo yamejibiwa kimyakimya. Utafiti wa karanga ambao mpango mkubwa uliuruka haukufa. Kituo cha Naliendele, Mtwara, kimekuwa kikitoa mbegu za karanga zinazofaa ardhi yetu. Iko ya Pendo iliyotolewa mwaka 1998, ziko za Naliendele na Mnanje za mwaka 2009. Hakuna kifaru kilichohitajika. Palihitajika vitalu vidogo, daftari la mvua, na watu waliokubali kungoja msimu baada ya msimu. Mkulima wa leo wa Nachingwea anapanda karanga, anakula na kuuza, katika wilaya ile ile ambako pauni milioni nyingi zilishindwa.

Nimalizie na safari yangu ya jana jioni. Nilikwenda kwa mhunzi mmoja hapa mjini. Chuma chake ni springi za malori yaliyokufa. Huzipasha moto kwa mkaa, mtoto wake anazungusha gurudumu la baiskeli lililofungiwa feni badala ya mvukuto, naye anafua juu ya kipande cha chuma kizito ambacho ndicho fuawe yake. Nilikitazama kipande hicho kwa muda. Ni cha reli. Nilimwuliza amekipata wapi, akasema alikirithi kwa baba yake, aliyekuwa mhunzi naye.

Nilinunua jembe moja. Ndilo hili hapa mezani. Naomba mwenyekiti alipitishe mikononi mwenu wakati tunaanza maswali, mlipime uzito wake, na mwenye shamba miongoni mwenu aniambie kama nimepunjwa bei.